Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ya gari: iko wapi, na nyaya zake zinaungwaje?

Gari letu la kituo, Toyota ndogo ya mizigo iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika, lilikuwa likienda vijijini kurekodi vipindi na kurudi kwa lita 20 za petroli. Msimu wa mvua uliopita likaanza kudai zaidi. Taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini ikawaka kwenye dashibodi, mdomo wa bomba la moshi ukawa mweusi kwa masizi, na dereva wetu akaanza kurudi ofisini na risiti ya pili ya mafuta mfukoni. Fundi wa kwanza tuliyemwita hakuchukua hata dakika tano. "Hiyo sensa ya ekzosi imekufa," alisema. "Leteni hela nikachukue nyingine."

Tukatoa hela. Sensa ikanunuliwa, ikafungwa, nyaya zikaungwa rangi kwa rangi: nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe. Kesho yake fyuzi ikaungua, taa ikawaka tena, na gari likaendelea kunywa mafuta kama kawaida. Tutaeleza hapo chini jinsi mambo yalivyoishia. Kwanza tujibu swali ambalo wasikilizaji wenye Probox, Noah, IST na Corolla wametuletea mara nyingi tangu tuliposimulia kisa hiki hewani: hii sensa ya oksijeni ni kitu gani, inakaa wapi, na kwa nini kila fundi anaiunga kivyake?

(Kwa waliotutania: hapana, haihusiani na sensa ya watu na makazi.)

Inanusa nini?

Kila anayepika kwa kuni anajua jambo hili bila kufundishwa. Moto ukikosa hewa, unatoa moshi mzito na sufuria linakuwa jeusi. Ukipigwa na upepo mwingi, joto linapotea pembeni na maji hayachemki. Injini ya petroli nayo iko hivyo hivyo. Ili kilo 1 ya petroli iungue vizuri inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Ikipata hewa pungufu, mafuta mengine yanatoka kwenye bomba bila kufanya kazi. Ikipata hewa ya ziada, injini inakosa nguvu na kuchemka kwake kunakuwa kwa mashaka.

Zamani kazi ya kuchanganya ilifanywa na kabureta, na fundi aliirekebisha kwa bisibisi na masikio. Kwenye magari ya sasa inafanywa na kompyuta ya gari, ile ambayo gereji nyingi huiita kontrol boksi. Kompyuta inaamua kila nozeli imwage petroli kiasi gani. Lakini imefungiwa ndani ya boksi, haioni moshi. Inahitaji mtu wa kuunusa na kuileta habari. Huyo ndiye sensa ya oksijeni.

Kwa umbo inafanana na plagi ya injini, ila ina mkia wa waya. Ncha yake inaingia ndani ya bomba la moshi. Ndani ya ncha hiyo kuna kidole cha kauri kilichopakwa platinamu. Upande mmoja wa kauri unaguswa na moshi, upande wa pili unaguswa na hewa safi ya nje. Oksijeni ya pande hizo mbili ikitofautiana, kauri inazalisha umeme kidogo sana. Moshi usio na oksijeni, yaani mafuta yamezidi, unatoa takriban volti 0.9. Moshi wenye oksijeni iliyobaki unatoa takriban volti 0.1. Betri moja ndogo ya redio yako ina volti 1.5, kwa hiyo tunazungumzia umeme mdogo kuliko huo. Kumbuka udogo huu, utatusaidia tukifika kwenye nyaya.

Injini ikiwa moto na kila kitu kikiwa sawa, volti hizo hazitulii. Zinapanda na kushuka mara kadhaa ndani ya sekunde 10, kwa sababu kompyuta inaongeza mafuta kidogo, inapunguza, inaongeza, inapunguza, ikiutafuta mstari wa katikati. Sensa inayoganda sehemu moja ina tatizo, au kuna tatizo ambalo inajaribu kulisema.

Kauri hiyo haifanyi kazi ikiwa baridi. Inahitaji joto la zaidi ya digrii 300 za Selsiasi. Ndiyo maana sensa nyingi zina hita ndani yake, waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme wa betri. Kabla haijapata joto, kompyuta inakadiria tu, na kwa kawaida inakadiria kwa kumwaga mafuta zaidi. Hita ikifa, sensa inasubiri joto la moshi peke yake, na kwa mwenye safari fupi fupi za sokoni na kurudi hiyo ni hasara ya kila siku.

Teknolojia hii si ngeni kama watu wanavyodhani. Magari ya kwanza kuuzwa na sensa hii yalikuwa ya Volvo mwaka 1976, na sensa ilitengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Kwetu ilichelewa kuwa na maana kwa sababu petroli ilikuwa na madini ya risasi, na risasi huifunika kauri na kuiua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006.

Iko wapi?

Kwanza jiulize kama gari lako linayo. Gari la kabureta, kwa kawaida hapana. Dizeli za zamani, kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, hapana. Gari la petroli lenye nozeli na kompyuta lililotoka Japani, karibu hakika ndiyo, tena mara nyingi zaidi ya moja.

Usiitafute ukiwa umetoka safari. Ekzosi inafikia mamia ya digrii na inaunguza ngozi papo hapo. Acha gari lipoe kabisa. Kama itabidi uingie chini, usitegemee jeki peke yake. Weka stendi au magogo imara, na ziba magurudumu kwa mawe. Tunasema hivi kila mara tukizungumzia magari na tutaendelea kusema.

Fungua boneti, washa tochi ya simu, tafuta manifodi ya moshi. Ni kile chuma chenye matawi kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba moja. Kwenye magari mengine kinatazama rejeta na utakiona mara moja, mara nyingi kikiwa kimefunikwa kwa bati la kuzuia joto. Kwenye mengine kiko nyuma, upande wa ukuta unaotenganisha injini na dereva, na utalazimika kuinama. Fuata matawi mpaka yanapokutana. Karibu na makutano hayo, juu yake au chini kidogo, utaona kitu chenye kichwa cha pembe sita, kwa kawaida cha spana namba 22, na waya ukitoka juu yake. Hiyo ni sensa ya kwanza. Toyota nyingi za zamani hazina kichwa cha kuzungusha. Sensa imefungwa kwa kikono chenye nati mbili na gaski.

Endelea kufuata bomba kuelekea nyuma. Utafika kwenye uvimbe wa chuma. Ndani yake kuna masega, kama mafundi wanavyoyaita kwa sababu ya matundu yake yanayofanana na sega la nyuki, na kazi yake ni kupunguza sumu ya moshi. Baada ya masega, magari mengi yana sensa ya pili. Waya wa hii ya pili unasumbua kuutafuta: mara nyingi unapita kwenye mpira uliozibwa sakafuni na soketi yake iko ndani ya gari, chini ya zulia karibu na kiti. Watu wameshakata waya huo wakidhani hauna pa kuchomolewa, kumbe soketi ilikuwa chini ya miguu ya abiria.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Sensa ya kwanza ndiyo inayoiambia kompyuta iongeze au ipunguze mafuta. Ya pili kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega bado yanafanya kazi. Gari likianza kunywa mafuta kupita kiasi, si kawaida kosa kuwa la sensa ya nyuma. Ukiambiwa ununue sensa, uliza: "Fundi, ni ya mbele au ya nyuma?" Kama jibu ni "zote ni zilezile," subiri kwanza.

Kwenye kitabu cha gari au kwenye mashine ya kupimia utakuta zimeandikwa sensa 1 na sensa 2. Sensa 1 ni ya kabla ya masega. Injini zenye umbo la V zina manifodi mbili, hivyo utaona pia neno "Bank 1" na "Bank 2". Bank 1 ni upande ulio na silinda namba 1. Injini ya silinda nne zilizojipanga mstari mmoja ina Bank 1 tu.

Nyaya: rangi zinadanganya

Hesabu nyaya zinazotoka kwenye sensa yenyewe. Ukikuta mmoja, sensa haina hita, na huo waya ni wa kupeleka habari kwenye kompyuta. Umeme unarudi kupitia mwili wa sensa na bomba la ekzosi. Kwa hiyo kutu kwenye nyuzi za skrubu au waya wa bodi uliolegea unaweza kuifanya ionekane imekufa. Ukikuta tatu, mbili ni za hita na mmoja ni wa habari. Nne, ambazo ndizo nyingi siku hizi, mbili ni za hita, mmoja wa habari, na mmoja ni wa kurudishia habari hiyo ili isichafuliwe na umeme mwingine wa gari.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Sensa za Denso, zilizo kwenye Toyota nyingi, zina nyaya mbili nyeusi za hita, waya wa bluu wa habari na waya mweupe wa kurudishia. Sensa za Bosch na NTK zenye nyaya nne zina nyaya mbili nyeupe za hita, waya mweusi wa habari na waya wa kijivu wa kurudishia. Umeona mtego? Mweusi kwenye Denso ni hita. Mweusi kwenye Bosch ni habari. Mweupe kwenye Bosch ni hita, kwenye Denso ni wa kurudishia.

Fundi akitoa sensa ya Denso na kuweka ya kuunga mwenyewe yenye rangi za Bosch, kisha akaunga mweusi kwa mweusi, anapeleka volti 12 za betri kwenye mlango uliotengenezwa kwa volti isiyofika 1. Ukibahatika inaungua fyuzi. Usipobahatika, inaungua sensa mpya, na unaweza kuharibu kompyuta, ambayo bei yake haikaribiani kabisa na ya sensa.

Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba kwenye sensa hizi za nyaya nne, nyaya mbili zenye rangi moja ndizo za hita. Thibitisha kwa mita, ile inayopima volti na ohmu. Sensa ikiwa baridi na imechomolewa, pima kati ya nyaya hizo mbili. Nyingi zitasoma kati ya ohmu 2 na 20. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, hita imekatika. Nyaya za hita hazina mbele wala nyuma, yeyote unaweza kwenda popote kati ya sehemu mbili za hita. Nyaya za habari zina mbele na nyuma, na hazisameheani.

Jambo jingine: rangi tulizotaja ni za upande wa sensa. Upande wa gari, baada ya soketi, kiwanda kimetumia rangi zake, na zinaweza zisifanane hata moja. Kwa hiyo usifuatishe rangi ng'ambo ya soketi, fuatisha nafasi. Kabla ya kuchomoa au kukata chochote, piga picha soketi kwa simu, mbele na nyuma, kwa karibu, kwenye mwanga. Kisha kata nyaya za sensa ya zamani ukiacha kipande kirefu upande wa soketi, uunge mpya kwenye kipande hicho kwa kazi yake: hita kwa hita, habari kwa habari, kurudi kwa kurudi. Ukiweza kupata sensa yenye soketi ya gari lako, lipa hiyo tofauti ya bei. Maelezo yote haya ya rangi hayatakuhusu tena.

Halafu kuna suala la risasi, ile ya kulehemu. Sisi watu wa redio tumezoea: waya ukikatika, washa pasi ya kulehemu, dondosha risasi, kazi imeisha. Kwenye sensa ya oksijeni usifanye hivyo. Tulisema upande mmoja wa kauri unahitaji hewa safi ya nje. Kwenye sensa nyingi hewa hiyo inaingia kwa kupita katikati ya nyuzi za shaba ndani ya mpira wa waya. Waya unapeleka umeme na pia unapumua. Ukidondosha risasi, inajaza nafasi kati ya nyuzi na kuziba pumzi. Ukijaza soketi grisi au mafuta ya kupuliza kwa nia njema ya kuzuia maji, unafanya kosa hilo hilo. Tumia viungio vya chuma vinavyobanwa kwa plaizi, kisha funika kwa mpira unaosinyaa ukipata joto. Viungio visiwe vyote sehemu moja; vipishanishe, ili mpira ukichanika visigusane.

Upitishe waya mbali na bomba na mbali na shafti inayozunguka, lakini usiuvute ukakaza. Injini inatikisika ukikanyaga mafuta, na waya uliokaza unakatika ndani bila kuonekana nje. Na angalia panya. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi mara nyingi lina nyaya zilizotafunwa, na tumeshaona "sensa mbovu" ambayo ubovu wake ulikuwa meno ya panya sentimita 10 kutoka kwenye soketi.

Kabla ya kutoa hela

Taa ya injini kuwaka haimaanishi sensa imekufa. Kompyuta inaandika namba ya kosa, na namba hiyo inasomwa kwa mashine inayochomekwa chini ya usukani. Siku hizi kuna vifaa vidogo vinavyozungumza na simu kwa Bluetooth, ingawa magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya zamani, hayaelewani navyo. Toyota za zamani zaidi zinahesabiwa kwa taa: fundi mzoefu anaunganisha matundu mawili kwenye boksi la kupimia, taa inapepesa, na mpepeso wa 2 kisha 1, yaani 21, ni wa sensa ya oksijeni. Usijaribu hilo bila anayejua matundu yenyewe.

Namba P0135 inasema njia ya hita ya sensa ya mbele ina kasoro. Anza na fyuzi, soketi na waya, kisha pima ohmu. P0141 ni hita ya sensa ya nyuma. P0130 ni njia ya habari ya sensa ya mbele. Hizi zinaweza kuwa sensa kweli. Lakini P0171 inasema tu kwamba moshi una oksijeni nyingi. Hapo sensa inaleta ripoti, haijakiri kosa. Sababu inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka au chujio lililoziba. Kuibadilisha sensa kwa sababu ya P0171 ni kumfukuza mjumbe kwa habari aliyoileta. P0420 inahusu masega, na kama masega yako yalishang'olewa na kuuzwa kwa sababu ya platinamu, paladiamu na rodiamu iliyomo, basi hiyo taa inakuambia ukweli.

Pia kuna kosa moja ambalo mashine haitalitaja kwa jina: ekzosi inayovuja kabla ya sensa. Mtu anadhani tundu la ekzosi linatoa moshi nje tu. Kumbe moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa ya nje kuingia ndani. Sensa inainusa hiyo oksijeni na kuripoti kwamba mafuta ni machache. Kompyuta inaamini, inaongeza. Sensa bado inanusa oksijeni ya tundu, kompyuta inaongeza tena. Matokeo ni masizi meusi nyuma na kituo cha mafuta kinachokupenda. Sikiliza asubuhi gari likiwa baridi: mlio wa "chu, chu, chu" karibu na injini unaopungua likipata moto ni dalili, na masizi kwenye maungio ya manifodi ni dalili nyingine.

Ukitaka kupima sensa yenyewe, mita ya kidijitali inatosha. Pasha injini moto kabisa, acha soketi ikiwa imechomekwa, gusa waya wa habari kwa nyuma ya soketi na uangalie volti zikipanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9. Usitumie taa ya kupimia ya balbu, itanyonya umeme ambao sensa haina. Fanya hayo nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi una kaboni monoksaidi isiyo na harufu na inaua. Onyo dogo: baadhi ya Toyota zina sensa ya mbele ya aina nyingine inayoitwa A/F. Ina nyaya nne na sura ile ile, lakini haichezi hivyo kwenye mita, na huwezi kubadilishana nayo. Namba iliyochongwa kwenye mwili wa sensa ndiyo ya kwenda nayo dukani.

Ukiifunga

Sensa ya zamani inang'oka vizuri zaidi bomba likiwa na uvuguvugu kuliko likiwa baridi kabisa. Tia mafuta ya kulegeza kutu na uwe mvumilivu, ukivunja nyuzi umeongeza kazi ya mchomeleaji. Sensa mpya kwa kawaida huja na dawa ya kuzuia kugandana kwenye nyuzi zake. Isipokuwepo, paka kidogo kwenye nyuzi tu, kamwe si kwenye ncha. Silikoni ya kawaida ya kuzibia gaski iepuke karibu na injini hizi, mvuke wake unaifunika kauri. Zipo zilizoandikwa kwamba hazidhuru sensa. Sensa iliyodondoka kwenye sakafu ya saruji ihesabu imepasuka, hata kama nje haina alama.

Wachomeleaji wa barabarani nao tuwaambie. Bomba likioza na kutengenezwa jipya, nati ya sensa isichomelewe upande wa chini. Maji hujikusanya chini ya bomba kila gari linapopoa, na tone la maji kwenye kauri yenye joto linaipasua. Ncha ielekee chini, mwili uwe juu, umeinama angalau digrii 10 kutoka usawa. Iwe mahali ambapo moshi wa silinda zote umeshachanganyika, na isisogezwe mbali na pale kiwanda kilipoiweka. Kabla ya kuchomelea kwa umeme, chomoa betri na soketi ya sensa.

Sasa gari letu. Fundi wa pili, mama mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe pembeni ya barabara kuu, hakugusa sensa kwanza. Aliwasha injini asubuhi ikiwa baridi, akapitisha kiganja karibu na maungio ya manifodi bila kuyagusa, akatuita tuone masizi. Gaski ilikuwa imeungua. "Sensa yenu ilikuwa inasema kweli," alisema, "ila ilikuwa inanusa barabara." Akabadilisha gaski. Kisha akafungua viungio vya mwenzake, akapima kwa mita nyaya zipi ni za hita, akaziunga upya kwa kubana, akaweka fyuzi mpya na kufuta kosa kwenye kompyuta. Kwa bahati yetu kompyuta ilikuwa haijaguswa.

Lita 20 zinatosha tena kwenda na kurudi. Tulimpigia fundi wa kwanza kumwomba aturudishie sensa yetu ya zamani, tuipime. Alisema ameshaiuza. Aliyeinunua hajaleta malalamiko.